Mkono wa Baba Vitani

Goodness, acha unachofanya usome.

Tumetoka kumzika baba sasa hivi hapa Ipogolo. Nimejifungia chooni nisionekane nacheka.

Si unamjua baba. Mwanajeshi mstaafu, vita vya Kagera, kovu la mkononi la kuungua vitani. Jikoni hakanyagi, eti askari hashiki mwiko. Na kila akikaa mezani lazima amwambie mama ugali una madonge.

Basi kaka Jofrey kasoma wasifu wa marehemu, na kovu kalisoma, watu wanalia. Ikaja zamu ya wenzake wa jeshini. Akasimama mzee Obeid, katoka Mbalizi na basi la alfajiri.

Mzee wa watu analia kweli. Anasema, "Kalinga huyu alitulisha kombania nzima. Uji ulimmwagikia mkononi, na siku ile ile akatupikia. Sijala tena ugali kama wake."

Mpishi. Goodness, baba alikuwa mpishi.

Mchungaji anaangalia viatu vyake. Jofrey karatasi bado kaishika hewani.

Mama akauliza taratibu, kwa heshima zote, "Shemeji, ugali alisonga mwenyewe?"

"Wa watu mia, shemeji. Na huoni donge hata moja."

Mama, ambaye tangu baba afariki Jumanne hajatoa chozi, akajifunga khanga vizuri, akalisogelea jeneza.

"Baba Jofrey. Miaka arobaini na mbili unaniambia ugali una madonge. Si ungeinuka ukanionyesha."

Halafu ndiyo akaanza kulia.