Mwanangu Anashusha Mkono

Gore, 28 Agosti

Mama,

Hujambo? Goti linasemaje na baridi hii? Mimi mzima. Bado naendesha lori la maziwa usiku na kulala mchana, ndiyo maana simu zako zinanikuta kitandani. Usinune, barua zako nazisoma mara mbili mbili.

Nina jambo. Nimeomba leseni ya kumiliki bastola ya shabaha. Klabuni natumia ile ya wote, na mpini wake umechongwa kwa mkono wa kulia. Mimi wa mashoto naishika kama mtu aliyevaa kiatu cha mwenzake. Sasa Mzee Petrie, mashoto mwenzangu wa pekee pale, mkono umeanza kumtetemeka na anaacha mchezo. Amesema bastola yake ni yangu nikipata leseni kabla ya Krismasi. Baada ya hapo anahamia Nelson kwa binti yake, na bastola itakwenda kwa mwenye duka la silaha. Nyingine ya mashoto sijui nitaitoa wapi.

Klabu imenikubali, kabati la chuma limekaguliwa. Limebaki moja: lazima afisa wa leseni azungumze na ndugu yangu wa karibu. Nimeandika jina lako. Atakuja Bwana Haldane kutoka Greymouth. Mama, nakuomba, jibu anachouliza tu.

Mwanao,
Bridie

Reefton, 15 Septemba

Bridie wangu, fahari ya tumbo langu,

Salamu kutoka matopeni. Mimi mzima, mvua nayo nzima. Goti linalalamika, lakini nani analisikiliza?

Bwana Haldane amekuja, na mama yako amefanya kazi! Msimu wa vidagaa vya mtoni umeshafunguliwa, nikamkaangia na mayai, sahani imejaa. "Bi Noeline," akasema, "nimekuja kikazi." Nikamwambia, "Kazi haiendi na tumbo tupu. Kula."

Akauliza, "Binti yako ni mtu wa namna gani?" Mtu aniulize mimi swali hilo! Nikamwambia unaendesha lori refu kuliko kanisa letu. Nikamwambia hujakosa shabaha tangu uzaliwe.

"Hajawahi kukosa?"

"Hata nzi akipita, anamchagulia bawa la kumpiga."

Akacheka, akaongeza vidagaa. Ndipo nikamtolea lile kubwa nililokuwa nimeliweka akiba. Nikamwambia, "Anaishi peke yake kule mashambani, mtoto wa kike. Akishapata bastola yake, mwizi na ajaribu! Atarudi kwao na tundu."

Akaweka uma chini. "Hebu rudia hapo, Bi Noeline."

Nikarudia, tena kwa nyongeza: hata yule Craig wako wa zamani sasa atajifunza kukusalimia kwa heshima. Basi aliandika! Kurasa mbili, bila kuinua kichwa. Vidagaa vilivyobaki hakuvigusa tena, nadhani alishiba sifa zako.

Pale duka la mikate nimeshamwambia Verna muuzaji. Kila siku yeye ni mwanangu wakili, mwanangu wakili. Leo alikata mkate kimya kimya.

Mama yako anayejua kusema,
Noeline

Gore, 2 Oktoba

Mama,

Natumaini u mzima. Mimi nimekaa tu.

Ombi langu limesimamishwa. Waliniita ofisini wakanikalisha asubuhi nzima. Ninamwogopa nani? Craig ni nani? Aliwahi kunipiga? Nina mpango gani naye? Mama, Craig yuko Australia, ana watoto mapacha, na tuliachana kwa sababu alikuwa anatafuna kwa kelele!

Katika nchi hii hupewi bastola kwa ajili ya mwizi. Ukitaja mwizi tu, umekwisha. Unapewa kwa ajili ya karatasi yenye miduara, basi. Bastola yenyewe inalala kabatini, risasi zinalala kwingine, funguo ninazo mimi. Mwizi akija nitampigia kelele kama watu wote.

Nilikwambia jibu anachouliza tu. Ungesema mimi ni mtu wa kawaida, ingetosha.

Bridie

Gore, 30 Oktoba

Mama,

Hujambo? Ni karibu mwezi hujaniandikia, na simu hupokei. Verna ameniambia u mzima, unanunua mkate na kuondoka bila maneno. Hapo ndipo nilipoogopa hasa.

Nilikuwa mkali. Nisamehe. Mzee Petrie ameshaanza kufunga vitu vyake kwenye maboksi. Aliniuliza jana kama kuna habari, nikamwambia bado. Nikiikosa nitaikosa, sitakufa. Wewe niandikie tu, hata mstari mmoja.

Mwanao,
Bridie

Reefton, 9 Novemba

Bridie mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima wa mwili. Siumwi wala sijanuna. Kila nikikaa kukuandikia, kalamu inataka kuanza kwa kunisifu mimi, naichana karatasi.

Lile neno lako, "mtu wa kawaida", lilinikaa kooni. Nibebe mimba miezi tisa katika mvua hii, halafu niseme nimezaa kitu cha kawaida? Nisingeweza. Lakini Jumatatu nilivaa koti la kanisani nikapanda basi mpaka Greymouth.

Bwana Haldane aliponiona akasema, "Bi Noeline, leo hukuja na vidagaa?"

"Leo nimekuja na ukweli," nikamwambia. "Haunukii vizuri kama vidagaa."

"Kwa hiyo siku ile ulinidanganya?"

"Sikudanganya. Nilitia chumvi."

"Uliimwaga kopo zima, mama."

Nikamwambia sawa, kopo zima. Mwizi ni wangu, nilimtunga mimi. Mwanangu hajamtaja mwizi hata siku moja. Na maneno ya Craig nayo ni yangu, kwa sababu sikumpenda tangu siku alipobakiza pudingi yangu.

Hakucheka. Akachukua kalamu. "Basi niambie bila chumvi. Umewahi kumwona akipiga shabaha?"

Bridie, swali hilo lilinipata pabaya. Kwa sababu nimekuona, na sijawahi kumwambia mtu. Ni majira ya baridi yaliyopita, nilipokuja kwako ukanipeleka klabuni. Nilikaa nyuma na chupa ya chai, nikijua nitapata la kumpelekea Verna. Wenzako wakainua mikono, pa, pa, pa. Wewe ukainua, ukalenga, ukashusha mkono. Nikasema labda jasho. Ukainua tena, ukashusha tena. Mtu mmoja akakohoa, ukashusha, ukangoja mpaka amalize. Wenzako wote wakamaliza, wewe bado unashusha. Niliona haya, mwanangu. Niliangalia viatu vyangu. Nilijiambia mtoto wangu mwoga.

Nikamweleza yote hayo, pamoja na viatu. Nikasema, "Ndivyo alivyo, Bwana Haldane. Ikiwa haiko sawa, anashusha mkono. Hata lori lake haliwashi mpaka alizunguke, na mvua inanyesha, na mama yake ameshakaa ndani anaganda. Anachosha! Ni mtoto wa kuchosha kuliko wote niliowazaa."

"Umezaa wangapi?"

"Yeye tu."

Hapo ndipo alipocheka. Akauliza, "Akighadhabika je?"

"Anakwenda kulala. Mimi ndiye ninayepiga milango. Leseni ningeomba mimi, ungefanya vizuri kuninyima."

Aliandika mistari michache tu, si kurasa. Nikaona nimekuharibia mara ya pili, maana uzuri wako wote nimeuacha nyumbani. Mlangoni nikamwuliza nicheke au nilie. Akasema, "Nenda nyumbani, Bi Noeline. Wale wasiokosa ndio wanaoninyima usingizi."

Sijui maana yake ni nini. Sijamwambia mtu. Hata Verna.

Mama yako,
Noeline

Gore, 16 Desemba

Mama yangu,

Hujambo, hujambo, hujambo? Mimi mzima mpaka masikioni.

Imetoka! Leseni ilitoka wiki iliyopita, na kibali cha bastola siku mbili baadaye. Mzee Petrie alinikabidhi mwenyewe mbele ya katibu wa klabu, maboksi yake yakiwa tayari kwenye gari. Mpini wake aliuchonga kwa kisu miaka mingi iliyopita, na mkono wangu umeingia kama ulipimwa. Alisema tu, "Usiiharakishe." Halafu akapanda gari upesi, akageuza uso upande wa pili.

Jumamosi tulikuwa na mashindano ya kufunga mwaka. Nilishusha mkono mara nyingi mpaka mwamuzi akaangalia saa, nikafikiri ungekuwepo ungeangalia viatu. Lakini risasi zangu zote zimekaa ndani ya karatasi, na nyingi zimekaa pazuri. Nimekuwa wa nne.

Tulikuwa saba, Mama. Nakuomba, ukiwaambia watu, usiniite bingwa. Sema wa nne.

Nakuja tarehe ishirini na nne. Bastola inabaki huku kabatini, kwa hiyo usimwalike mtu kuja kuiona.

Mwanao,
Bridie

Reefton, 20 Desemba

Bridie wangu,

Naandika nimesimama, posta inafungwa. Mimi mzima, goti zima, hata mvua imepumzika kwa heshima yako. Kitanda chako nimekitandika.

Nimekutii. Nilimwambia Verna mbele ya foleni nzima ya mkate: "Bridie wangu amekuwa wa nne." Nikasema hivyo tu, nikachukua mkate wangu nikaondoka.

Mlikuwa wangapi, hakuniuliza.

Mama yako,
Noeline