Mababu Saba wa Aijarkyn

Jumamosi, 5 Aprili
Klabu ya kuandika programu: watoto kumi na mmoja, kompyuta sita, na mimi. Sauti imenikauka. Bektur kamwaga chai juu ya kibodi – ya pili mwezi huu! Na nani kanituma kujitolea? Mwenyewe.

Aliyemaliza kazi ni Aijarkyn peke yake. Miaka kumi, mkaidi kama punda. Programu yake inakuuliza majina ya baba zako, kuanzia aliyekuzaa mpaka wa saba. Ukikwama, skrini inakuwa nyekundu: MTUMWA!

Nikamwambia afute neno hilo. Akasema bibi yake ndivyo asemavyo, asiyejua baba zake saba ni mtumwa. "Kwani bibi muongo, Ticha?" Nikaliacha. Hata mimi nililelewa hivyo.

Jumanne, 8 Aprili
Bwana Toktobek, mkuu wa ofisi ninakofanya ukarani, kasikia habari za klabu. Jumamosi anakuja na mpiga picha, aijaribu kazi iliyo bora. Mkataba wangu unaisha mwisho wa mwezi, na anayesaini ni yeye. Nikasema ndiyo, mheshimiwa. Siku zote nasema ndiyo!

Ijumaa, 11 Aprili
Nimeifungua programu mara tatu. Kufuta neno moja ni sekunde tu. Lakini ni mimi niliyewakataza kugusa kazi ya mwenzao. Nikafunga. Isitoshe, mtu mzima mwenye mvi atakosaje kuwajua wazee wake?

Jumamosi, 12 Aprili
Naandika nikiwa nimejificha chooni, daftari gotini. Mkuu alianza kwa madaha. Wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne – kidole kikasimama. "Bonyeza tu, mzee!" Bektur huyo. Akabonyeza.

Nyekundu. Watoto wakaangua kicheko. Mpiga picha naye akapiga – mpumbavu!

Aijarkyn hakucheka. "Mpigie shangazi yako, babu. Mashangazi ndio wanaojua."

Basi mkuu yuko hapo ukumbini na simu. Namsikia. "Wa tano? Polepole, naandika." Nadhani shangazi anataka kujua nani kamtahini. "Karani wangu. Eldiyar, mtoto wa Sagyn." Shangazi anamweleza kitu. "Eti tumetoka kwa mzee mmoja? Huyu?" Hatua zake zinasogea mlangoni. "Sasa huyo mzee, wa saba wetu, ndiye nani? Umesahau!"

Anagonga mlango. "Eldiyar! Toka. Wa saba wako anaitwa nani?"

Jina nalijua. Nikilitaja mbele ya watoto, karani kamfundisha mkuu babu yake. Nisipolitaja, skrini inabaki nyekundu, na mkataba wangu –

Anagonga tena.