Mkalimani Kati Yangu na Hilkka

Jumatatu, 9 Oktoba 2023

Barua ya manispaa imefika. Tumepata nafasi. Ni yale makao ya wazee ya matofali karibu na kanisa, chumba cha watu wawili, mimi na Hilkka pamoja, maana wanandoa wasiotaka kutenganishwa wana haki hiyo. Jibu litolewe kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya tarehe 20. Tusipojibu, nafasi atapewa mwingine.

Nilipaswa kufurahi. Lakini ukurasa wa pili umeandikwa: "Lugha: Kiswidi kizuri. Hahitaji mkalimani."

Hilkka hajasema sentensi nzima ya Kiswidi tangu mwezi wa saba.

Jumanne, 10 Oktoba

Naandika ili nipange mambo. Kichwani hayapangiki.

Miaka hamsini na mitano ya ndoa tumezungumza Kiswidi. Hilkka alikuja huku Uswidi kutoka Ufini ana miaka ishirini na mmoja, kufanya kazi katika kiwanda cha nguo. Lugha aliiokota penye mashine na kwenye foleni za duka. Sasa ugonjwa huu wa kusahau unamvua kwanza kile alichovaa mwisho. Kiswidi kimekwenda. Kifini kimebaki, tena kimenona. Ananisemesha tangu asubuhi mpaka jioni.

Na mimi Tauno, mwenye jina la Kifini, mzaliwa wa Ufini, sielewi.

Nililetwa mwaka 1944, pamoja na watoto waliokuwa wakiepushwa na vita. Umri miaka mitano, kikaratasi chenye namba shingoni. Mwaka mmoja kwa wazazi walezi, na kila neno la Kifini likawa limenitoka. Nilipokwenda Ufini kumtembelea mama yangu mzazi nilikuwa na miaka kumi na miwili, na kati yetu aliketi mkalimani — mke wa mchungaji. Mama aliongea muda mrefu sana, akishika magoti yangu. Mkalimani akasema: "Anasema umekua."

Jumatano, 11 Oktoba

Nimempigia simu Ylva, afisa wa manispaa anayepima mahitaji ya wazee. Alikuja kumwona Hilkka mwezi wa nne. Nakumbuka vizuri.

"Unapika mwenyewe, Hilkka?" Ndiyo. "Unalala vizuri?" Ndiyo. "Na leo ni siku gani?" Ndiyo. Ylva alitabasamu, akaandika.

Leo anasema alimwona mama mchangamfu, mwenye kuelewa. Nimemwambia Hilkka hakuelewa chochote. Akauliza: "Sasa mzee, mbona siku ile hukusema?"

Mbona sikusema. Niliona aibu kumsahihisha mke wangu mbele ya mgeni. Basi, ndiyo sababu yote.

Atakuja tena Jumatatu. Safari hii na mkalimani wa kwenye simu.

Alhamisi, 12 Oktoba

Veikko wa ghorofa ya chini amepanda kunisema. Ana miaka themanini na minane, alikuwa fundi wa mashine kiwandani kwa kina Hilkka. Huniita Bwana Maktaba, kwa ajili ya miaka yangu arobaini kwenye maktaba ya mji.

"Ulitegemea ajibu nini?" amesema. "Wasichana wale walifika na neno moja tu. Nyapara akisema chochote, ndiyo. Aliyeonekana hajaelewa alirudishwa kufagia. Mkeo amemwona mwanamke ana kalamu na karatasi, akamjibu kama nyapara."

"Ungeniambia mapema."

"Nikuambie? Umesoma vitabu vya dunia nzima, Bwana Maktaba, na mkeo huwezi kumwomba chumvi."

Kisha akanihurumia, akanifundisha. Maji. Njaa. Baridi. Unaumwa wapi? Nimeyaandika kwenye vikadi, matamshi kama nilivyoyasikia. Wakati wa chakula cha jioni nikamuuliza Hilkka kwa Kifini: unaumwa wapi? Uso wake ulifunguka. Alinijibu kwa karibu dakika kumi, akionyesha huku na huku, na mwisho akasubiri nimwambie neno.

Nilijifunza swali. Majibu hayakuwa kwenye kadi.

Jumapili, 15 Oktoba

Amekataa kuoga. Nilimshika mkono, akapiga kelele za mtu anayevamiwa. Nikarudia "maji, maji" kwa Kifini, na kadiri nilivyorudia ndivyo alivyozidi kujikunyata kwenye kona. Hatimaye nikakaa sakafuni nikalia. Akaja na taulo, akanifuta uso. Alisema jambo fulani, mara mbili, maneno yaleyale.

Sitayajua.

Jumatatu, 16 Oktoba

Ylva amekuja. Simu mezani, sauti ya mkalimani ikitoka humo, mwanamke wa makamo. Alisalimia tu kwa Kifini na Hilkka akakaa wima, akajiweka nywele sawa.

Mkalimani huyu hatafsiri anachopenda. Anatafsiri kila kitu, ndiyo kazi yake. Ningemwomba aache baadhi.

"Mama anasema kifua kinambana akilala, tangu kiangazi. Anasema amekwisha kusema, mara nyingi."

Ylva aliacha kuandika. Akaniangalia. Mimi nilikuwa nalala kando yake kiangazi kizima.

"Mama anasema mwenyeji wake hapa ni mzee mwema, uji wake mzuri, ila ni Mswidi, na hapendi kumsumbua. Anauliza mumewe Tauno atarudi lini."

Nikasema: mwambieni Tauno ni mimi.

Sauti ikamwambia. Hilkka akanitazama kwa adabu, kama mtu anayetazama picha za wajukuu wa mwenzake. Akajibu kwa upole.

"Anasema mwenye nyumba asihangaike. Atasubiri tu."

Ylva akafunga faili, akalifungua tena. Kipo kitengo cha Kifini upande wa pili wa mji, wahudumu wote Wafini. Kitanda kimoja kimekuwa wazi tangu wiki iliyopita. Kimoja tu, vyumba vya wanandoa hawana, na foleni yao ni ya miaka. Ameniwekea nafasi zote mbili hadi saa ileile ya Ijumaa. Moja au nyingine.

"Na mimi je, nitaweza kumfuata siku moja?" nikamuuliza. "Nilizaliwa Ufini."

"Wewe kwenye karatasi ni Mswidi, Tauno," akasema. Hakukusudia kuniumiza.

Jumanne, 17 Oktoba

Kliniki. Ni moyo. Amepewa vidonge, asubuhi na jioni. Daktari kijana aliuliza, bila ukali, kwa nini tulikaa miezi mitatu bila kumleta.

Jumatano, 18 Oktoba

Tumekwenda kukiona kitengo cha Kifini, sisi wawili na Veikko wa kututafsiria. Mabasi mawili, dakika hamsini. Goti langu halitapenda safari hiyo barafu ikija.

Muuguzi anaitwa Raija, mnene, mcheshi. Alimkaribisha Hilkka kahawa, akamwonya kwamba ni chungu. Hilkka akamjibu kitu, na wazee watano mezani wakacheka mpaka mmoja akakohoa.

"Amesema nini?" nikamuuliza Veikko.

"Kasema kahawa chungu humfukuza mgeni mvivu, kwa hiyo yeye atabaki."

Mzaha. Hilkka wangu ametania. Nilidhani ugonjwa umechukua hilo pia, kumbe lilikuwepo muda wote, mimi ndiye sikuwa nalipokea. Alinikatia kipande cha mkate wa iliki, kikubwa kuliko vya wengine, akanisogezea kwa mikono miwili. Hivyo ndivyo anavyomkirimu mgeni wa heshima.

Baadaye alisimama dirishani na Raija, wakaongea sana. Kwenye basi nikamuuliza Veikko walikuwa wanasema nini. Akatazama nje.

"Alikuwa anamsifu mumewe."

"Anasemaje?"

"Kwamba Tauno si mtu wa maneno mengi. Lakini jioni humsomea vitabu kwa sauti, na hata asipofuata hadithi, huifuata sauti."

Tukashuka kwenye kituo chetu.

Alhamisi, 19 Oktoba

Nimejaribu kuandika faida na hasara kwa safu mbili, kama mtu mzima. Tukienda wote kwenye makao ya matofali: nitakuwa kando yake kila saa, na akiumwa atamwambia Mswidi, yaani mimi. Akienda kwa Wafini: atakuwa na maneno yake, watu wa kucheka nao, mtu wa kusikia kifua. Na mimi nitakuwa mzee wa Jumatano na Jumapili anayekuja na vikadi.

Jana niliona jinsi alivyo mzima akiwa nao. Leo nimeona jinsi alivyoushika mkono wangu sokoni, Veikko akiwa nasi, alipoogopa mbwa. Hakushika wa Veikko.

Nimemsomea jioni, kwa Kiswidi. Macho ameyafumba. Sijui kama anaifuata sauti.

Veikko kapita. "Kifua kikimbana huko kwenye matofali, nani atajua?" Nikamwambia ni mkatili. "Si mkatili," akasema, "ni Mfini tu." Kisha akabaki amesimama mlangoni, kofia mkononi, muda mrefu kuliko kawaida yake.

Ijumaa, 20 Oktoba

Saa tano na dakika ishirini. Nimepiga manispaa. Sauti ya mashine: wewe ni wa saba kwenye foleni. Naandika huku mkonga wa simu uko sikioni.

Wa tano. Nilidhani nikishika simu nitajua nitakachosema. Sijajua.

Hilkka ametoka chumbani. Amevaa vizuri, vifungo vyote mahali pake. Amevuta kiti, amekaa mbele yangu.

Wa tatu. Saa tano na nusu imepita.

Ameanza kuongea. Polepole, akinitazama machoni. Siku nyingi hajanitazama hivi. Si wimbo, si habari za kiwandani, nayajua mapigo ya hizo. Hili ni jambo anataka nilisikie. Nimesikia jina langu. Nimelisikia tena, naye ananitazama mimi.

Wa kwanza.

Hajamaliza. Ameweka kiganja juu ya daftari hili, naandika pembeni ya vidole vyake. Sauti ya Ylva kwenye mkonga: Tauno? Nakusikiliza, mmeamua? — na Hilkka anaendelea, sauti imepanda kidogo, zote mbili kwa pamoja, sisikii hata moja. Nimemwinulia Hilkka mkono, anyamaze kidogo.

Amenyamaza. Ameondoa kiganja.

Ylva anauliza kama bado nipo.