Kioo Nilichokiosha Bila Kukitazama

Ijumaa, saa tisa mchana. Kasongo imefunikwa na mawingu tangu asubuhi, na mvua yenyewe haitaki kunyesha. Mwili wangu mzito, na safari hii sina wa kumsingizia.

Jana mtandao ulirudi kidogo, nikasoma habari ambayo siku nyingine ingenipa raha ya wiki nzima. Mtoto akiwa tumboni ana aina yake ya damu. Akishazaliwa, jeni moja huizima aina hiyo, na damu ya kikubwa ndiyo inashika kazi. Watafiti wameisoma jeni hiyo herufi kwa herufi, wakapata sehemu inayoiamuru, na sasa wanaikata sehemu hiyo ndani ya chembe za uboho wa mgonjwa mwenyewe. Damu ya kitoto inarudi. Wenye selimundu, ugonjwa ambao huku kwetu tunauita SS, wanakaa miezi na miezi bila kulia kwa maumivu. Nchi chache zimeshaanza kuwatibu hivyo.

Amina ana SS. Ni binti wa mdogo wangu Saidi, ana miaka miwili. Wiki iliyopita mikono yake ilivimba hata kijiko hakuweza kukishika.

Basi nilikimbilia kwao kuwaeleza. Mimi ni fundi wa maabara, kueleza najua. Saidi alinisikiliza mdomo wazi. Mkewe, Zaina, ambaye huniita Yaya, yaani dada mkubwa, ndiye aliyeuliza.

"Yaya, ile damu ya kitoto bado iko ndani yake?"

"Iko. Imezimwa tu."

"Na huku kwetu itafika lini, iyo dawa?"

Nilimwambia ukweli: inahitaji hospitali ambayo mimi mwenyewe sijawahi kuiona. Akamfuta Amina jasho. Halafu, polepole:

"Lakini karatasi yangu ilisema mi sina kitu. Sasa ilikuwa namna gani?"

Nikamjibu kwamba vipimo wakati mwingine hukosea.

Kipimo hakikukosea.

Mtoto hapati SS mpaka baba na mama wote wawili wawe wameibeba. Kwa Saidi tulijua mapema kwamba ameibeba, ingawa haumwi. Ndiyo maana wazee walisema mahari isiende Kabambare, kwa kina Zaina, kabla damu yake haijapimwa. Damu yake ililetwa asubuhi na mwenye pikipiki, ndani ya chupa ndogo iliyofungwa kwa kitambaa. Niliweka tone kwenye kioo, nikalifunika kwa kioo chembamba, nikaziba kingo kwa rangi ya kucha ili hewa isipite. Baada ya hapo unangoja mpaka kesho yake. Chembe zenye ugonjwa zinahitaji muda bila hewa ndipo zijikunje kama mundu.

Sikungoja. Mbuzi alikuwa ameshafungwa kwenye pikipiki, wajomba wamevaa kanzu, mvua inanukia, na kila mtu ananiuliza mimi. Nilitazama baada ya saa moja. Chembe zote zilikuwa duara. Nikaandika: hana.

Hilo watu wangenisamehe. Ninaloliandika sasa sijawahi kumwambia mtu.

Kesho yake asubuhi nilikikuta kile kioo mahali nilipokiacha. Hadubini ilikuwa pale pale, mezani. Nilijua kwamba nikitazama naweza kuona mundu, na mahari ilikuwa njiani, na mdogo wangu alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake. Nikakitia kwenye maji ya sabuni, nikakiosha.

Niliogopa kujua. Hakuna sababu nyingine.

Leo, baada ya sala, familia ilikaa. Shangazi yetu kutoka Lusangi akasema lile ambalo wengine walikuwa wakinong'ona: "Karatasi ya Yaya haina kosa. Kule Kabambare walitia damu ya mutu mwingine mu chupa." Wote wakanigeukia mimi, fundi. Nilitazama mkeka.

Wameamua. Jumapili Zaina atapandishwa pikipiki arudishwe kwao, kwa kuwa watu wa kwao ni waongo. Amina atabaki, kwa kuwa ni mtoto wetu. Zaina alikuwa ananitazama mimi, akingoja niseme neno.

Usiku maumivu yakianza, huyu mtoto hataki mkono wa mtu mwingine. Mimi nimejaribu. Analia mpaka mama yake amchukue.

Nina aibu, nina woga, na kazi yangu naipenda. Kesho kutwa ni Jumapili.

Nitaiweka shajara hii hapa kwenye blogu sasa hivi, nisije nikaifuta. Halafu nitajifunga kitenge niende kwa Saidi, na Zaina awepo, na shangazi awepo. Nikishindwa kufungua mdomo, nitampa Zaina simu, awasomee wote kwa sauti.