Maji Aliyoyaacha Mke Wangu Chumbani

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na ukicheka, cheka taratibu, maana mimi ni mtu mzima mwenye kitambi na upara, fundi wa makochi niliyezoea kuogopa misumari tu, ila sasa naogopa chumba changu mwenyewe.

Mke wangu alifariki kabla mvua hazijaanza. Asubuhi tuliyompeleka hospitali mabomba yalikuwa makavu mtaa mzima, naye pamoja na maumivu yote alihakikisha kwanza lile pipa la kando ya kitanda limejaa, akaniambia, "Mzee, maji haya yasiguswe na mtu mpaka nirudi." Hakurudi. Basi sijayagusa, mshauri, nimewanyima hata waliokuja msibani na kiu yao, na kila yakipungua, maana yanapungua yenyewe kana kwamba kuna mtu anakunywa, nayajazia kikombe cha maji ya bomba ili yasije yakaisha. Na nikiinama juu yake, kivuli changu kikiyagusa tu, kitu kinatikisika humo ndani na kuzama, kama kimeniona.

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, alikuja kunifariji akalala chumba hicho, akashikwa na homa, macho yanauma kwa nyuma, mifupa kama imekanyagwa na gari, akapimwa malaria, hamna. Alipopata nafuu akafunga mzigo wake akisema, "Dada bado yumo humu, na hataki mtu kitandani kwake." Mdogo wangu akamcheka, "Mimi nilikuwa mtani wake, atanifanya nini, atanifinya?" akajitupa kitandani na viatu vyake, na baada ya siku si nyingi akawa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Malaria, hamna.

Sasa binti yetu wa pekee ni mjamzito, amekuja kujifungulia kwangu, na kitanda cha maana ni hicho hicho, mimi nalala karakana kwenye kochi la mteja (naomba asisome hapa). Jana mchana alijinyoosha, kisha akaniita huku anatabasamu. "Baba, mama ananiimbia. Kasauti kembamba, hapa hapa sikioni. Nikigeuka, ananyamaza."

Mshauri, nywele zilinisimama, hata zile nisizonazo. Majirani wanasema nitafute mtu wa kuzungumza na marehemu, shemeji anasema nimwondoe binti haraka, mimi sitaki kumfukuza mke wangu chumbani kwake, wala sitaki kumpoteza mtoto na mjukuu. Nifanye nini?

Ni mimi, fundi wa makochi.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, pole sana na msiba. Pole hiyo ishike vizuri, maana ninayokuja nayo sasa si pole. Barua yako niliisoma mchana kweupe, na bado nikawasha taa.

Binti yako anaimbiwa na mbu.

Hivyo vinavyozama ukiinama ni watoto wa mbu wanaokimbia kivuli. Huyu si yule mbu wa usiku uliyemzoea. Ni mweusi mwenye madoa meupe miguuni, huuma mchana, hupenda maji yaliyotulia ndani ya nyumba, na hueneza homa ya dengi. Mimi si maabara, lakini magonjwa uliyoyasimulia yanafanana nayo mno, na kipimo cha malaria hakiwezi kuiona. Wewe baba mzima unamnyima mgeni maji ya kunywa, halafu unamfugia mbu, kikombe kwa kikombe!

Najua kwa nini. Aliyekuambia "mpaka nirudi," ukiyamwaga maji yake umekubali kwamba harudi. Lakini hebu fikiri: aliyoyaacha yeye yalikwisha kupotea hewani zamani. Yaliyobaki humo ni ya kwako, ya bomba. Na marehemu hana ugomvi na mtu, msimsingizie.

Sasa nisikilize. Mtoe binti chumbani leo. Litoe pipa nje, mwaga maji kwenye ardhi kavu, kisha usugue kuta zake za ndani kwa brashi na sabuni, maana mayai hung'ang'ania hapo hata pipa likikauka. Pita na karakana: makopo ya gundi, matairi, chochote kilichokinga mvua, kipindue. Maji ya akiba yafunikwe kifuniko kinachobana. Binti alale ndani ya chandarua hata mchana, avae nguo za mikono mirefu, na umpeleke kliniki awaeleze wahudumu ni akina nani waliougua chumbani humo, hata kama hajisikii vibaya. Akipata homa, ni hospitali siku hiyo hiyo. Asijinunulie aspirini wala dawa yoyote ya maumivu. Na mgonjwa yeyote wa homa hii akiumwa sana na tumbo, akitapika mfululizo au akitoka damu kwenye fizi, msingoje kukuche.

Ukifika kwenye kuliinamisha lile pipa, machozi yatakuja. Lia, fundi, hakuna wa kukucheka. Ila mwaga huku unalia.