Ukurasa wa Ng'ombe

4 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yametulia na binti yangu hajakumaliza. Mimi mzima, napigwa jua na vumbi lakini nipo. Biashara ya miwani ya kusomea inasogea. Mteja akivaa anasoma gazeti, mimi namsoma yeye usoni kama atanunua.

Juzi binti kanisomea kwenye simu kitabu kizima cha darasa la kwanza, hakukwama hata mara moja. Nimemringia kila mtu hapa sokoni mpaka muuza ndoo kahamisha meza yake. Mwalimu ni wewe, dada. Huyo mwenzako wa chumba cha pili, anayefundisha watoto kutoa sauti ya kila herufi, b, b, b, kama tairi lenye tundu, mwache aishiwe upepo mwenyewe.

Nimekutumia kurasa nyingine nilizojirekodi nikisoma. Mwekee azisikilize kabla hajalala, kama kawaida.

Mdogo wako,
Mzee wa Miwani

19 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Mwili mzima, moyo usiulize.

Jana wazazi walikuja kusikiliza watoto wakisoma. Nikamtanguliza mwanao, nikijua ndiye fahari yangu. Kashika kitabu vizuri, kidole chini ya mstari, akasoma: "Ng'ombe anakula majani. Akishiba anatafuta mchumba."

Wazazi wakacheka mpaka madawati yakalia. Mwalimu mkuu hakucheka. Alichukua kitabu akaangalia. Kitabuni ng'ombe anakula majani, basi. Huyo mchumba umemtafutia wewe, ulipojirekodi kwenye simu yako.

Mimi na darasa zima tunaimba ukurasa pamoja mpaka watoto wanaupenda, na wakiupenda wanausoma. Ndivyo nilivyofundisha siku zote. Lakini yule wa chumba cha pili akasimama, akaandika ubaoni neno "kofia", akamwomba mtoto alisome. Mtoto akaliangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Ng'ombe."

Hapo hakucheka mtu.

Mkuu kasema anayetaka kumhamishia mwanawe chumba cha pili ana ruhusa hadi mwisho wa mwezi. Wazazi wote wananitazama mimi nitafanya nini na wa nyumbani kwangu. Huyu akihama, nitabaki kufundisha viti. Nakuomba usimhamishe. Na ujibu bila utani.

Dada yako

25 Februari

Dada,

Shikamoo. Sikufichi, kwenye mchumba nilicheka. Nilipofika kwenye kofia nikakaa juu ya boksi la miwani, na mbili zikavunjika.

Jioni nilimpigia binti ulipokuwa dukani. Nikamwambia achukue pakiti yoyote jikoni anisomee imeandikwa nini. Akanijibu kwa upole, kama vile mimi ndiye nisiyejua kitu:

"Baba, hiyo bado hujanisomea."

Dada, mimi shule niliiona kwa mbali, niliingia na kutoka kama niliyekosea mlango. Siwezi kubishana nawe mambo ya ualimu. Lakini sitaki mwanangu angoje maisha yake yote mtu wa kumsomea. Mhamishe. Najua wewe ndiye uliyenilelea huyu, na najua ninachokuomba. Mhamishe hata hivyo.

Mdogo wako

30 Machi

Dada yangu,

Shikamoo, kama bado unazipokea. Simu hushiki, barua hujibu. Binti akipiga ananiambia shangazi anaosha vyombo. Vyombo gani hivyo vya mwezi mzima, mnapikia jeshi?

Ameniambia yuko chumba cha pili. Nilimwomba anisomee chochote. Akaanza kutema sauti, t, a, t, a, akapotea, akaanza upya, akalia. Kitabu alichokuwa anakimwaga kama maji sasa hakigusi. Nimeogopa. Labda uliona mbali, mimi nikakimbilia ubishi. Ukitaka kumrudisha, mrudishe. Ukitaka kunitukana, anza, nimekaa.

Mdogo wako

21 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mtoto mzima, anakula kuliko mimi. Nilinyamaza kwa sababu kila nilichoandika kilitoka tusi.

Nilimpeleka mwenyewe, nimemshika mkono, kutoka mlango wangu hadi mlango wa pili. Wiki hiyo hiyo nusu ya darasa langu ikamfuata.

Simrudishi. Juzi kasimama mbele ya pakiti jikoni, akazitema sauti moja moja mpaka nikatamani kumziba mdomo. Halafu akaziunganisha: "Sukari." Akakaa chini amechoka kama aliyebeba gunia lenyewe. Neno hilo sikumwimbia mimi, wala hukumrekodia wewe.

Bado nasema nyimbo zangu hazikuwa upuuzi. Walipenda kitabu. Ila mkuu kanipa mawili: nijifunze kufundisha sauti, au nikatunze stoo. Yule mwalimu wa chumba cha pili ningeweza kumzaa, mdomo wangu haufunguki kumwuliza. Nikamwuliza mwanao. Jioni tunakaa mezani, ananisikiliza. B nimepita. S nimepita. K imenishinda.

"Shangazi, unasema ka," ananiambia. "Toa mkia, hiyo a."

Nautoa, unarudi.

Kesho mkuu anakuja kunisikiliza nikifundisha waliobaki. Mwanao yuko nje anacheza, mimi niko hapa na k yangu, bado ina mkia. Nitaingia nayo hivyo hivyo.

Dada yako