Choo cha Wageni

Cerro Hondo, Jumanne

Kaka yangu Nicanor,

Pokea salamu zangu na za Mama, na za yule punda wako kilema ambaye bado anampiga teke kila anayempita. Wewe na wifi yangu hamjambo huko mjini? Pikipiki ya mradi wenu wa vyoo haijakuangusha? Sisi tunapumua. Mama mgongo unamsumbua tangu mavuno ya kahawa, ila mdomo wake ni mzima kabisa.

Ningependa kusema hatujambo wote, lakini mwanangu Zoila alikuwa kalazwa siku tisa. Tulikuwa tunachambua kahawa, akashika tumbo, likawa gumu, akatapika. Alitapika minyoo, kaka, mirefu, hai. Mama akafanya ishara ya msalaba, akasema mtoto kapigwa jicho baya, akataka kumchemshia majani. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikateremka mlima kwa miguu mpaka kituo cha afya.

Nesi Ofelia alinigombeza mbele ya foleni nzima. Alifungua daftari, akasema kwa taarifa ya mradi Cerro Hondo ina vyoo, ndiyo maana miaka miwili hii dawa za minyoo zimepelekwa kwingine. Kisha akaninyooshea kidole ukutani: "Hebu muone huyo! Mtoto wa huko huko kwenu, ana choo, ana viatu, ana afya tele. Wewe mama umeshindwa nini?"

Nikatazama. Ilikuwa picha ya mlango mweupe, na mbele yake mtoto anacheka, kavaa viatu vyekundu. Alikuwa Zoila. Chini limeandikwa jina lako, na kwamba familia hii hutumia choo chake kila siku.

Vile viatu ulimvua picha ilipokwisha. Ulisema vinatakiwa kijiji kinachofuata. Akarudi peku kwenye matope, na mimi nikacheka kama mjinga.

Unakumbuka tulivyobeba mchanga kutoka bondeni kujenga choo hicho? Tulipomaliza ulitia kufuli, ukampa Mama ufunguo, ukasema mtu asiingie mpaka wageni wa mradi wakione kikiwa safi. Wageni wakaja, wakapiga picha, wakaondoka. Ukasema wengine watakuja. Mama alikutii, maana wewe ndiye uliyesoma. Akahifadhi humo mbegu za mahindi kwa sababu panya hawaingii. Sisi tukaendelea kwenda migombani, juu ya kijito kile kile tunamochota maji. Wewe hayo uliyajua. Kila ulipokuja ulikwenda migombani pamoja nasi.

Umeniuza, Nicanor. Umemuuza mtoto aliyekuwa akikukimbilia mpaka njia panda. Nina uchungu.

Na mimi nina langu. Wenzangu kijitoni waliponiuliza choo kikoje, niliwaambia ni raha tupu, unakaa kama malkia. Niliona aibu kusema tumejengea mahindi nyumba. Siku moja ya mvua Zoila alibanwa, akaniomba ufunguo. Nilimwambia, "We, hicho cha wageni! Kimbia migombani." Akakimbia. Hilo sikulaumu wewe, nilisema mwenyewe kwa mdomo wangu.

Kwa hiyo nilimwambia nesi ukweli wote, wangu na wako. Akaniletea kiti chake nikae, akaibandua picha ukutani, akaandika jina lako daftarini. Usiulize nani kakuchongea. Ni mimi.

Tuliporudi Jumamosi nilivunja kufuli kwa panga la Baba. Mahindi yapo chini ya kitanda cha Mama. Alilia, akanisusia siku mbili. Leo asubuhi nimemwona anaingia na shali yake, amejifunika kama anakwenda misa. Alipotoka akasema tu kwamba mlango unahitaji kitasa cha ndani.

Zoila anakusalimu, hajui lolote. Msalimie wifi. Ukija na wageni wako, karibuni, lakini pigeni hodi kwanza, huenda mtoto yumo ndani. Na mletee viatu. Vile vyekundu havimtoshi tena.

Mdogo wako,
Edelmira